Je, Kila Kibovu Kitengenezwe?

Katika maisha yangu ya ualimu niliwafundisha vijana wengi kwamba mtu anayekitupa kitu kwa sababu tu kimeharibika ameukimbia wajibu wake. Fundisho hilo sikulibuni mimi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na baada ya Mwalimu Nyerere kutoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka huohuo, vyuo vyetu vya ualimu vilijaa majembe, misumeno, tupa na randa. Mwalimu asiyeweza kuziba pancha ya baiskeli au kurudisha mguu wa dawati uliovunjika alihesabiwa kuwa nusu mwalimu. Mpaka leo, nikiwa mstaafu hapa Moa, naamini kwamba nchi maskini inayotupa vitu vyake kabla ya kuvitengeneza inatupa pamoja navyo akili za watoto wake.

Hata hivyo, wajibu wowote usiojulikana mpaka wake huweza kugeuka upofu. Kusema kweli ni wajibu, lakini mtu hamwambii mwizi mahali jirani alipoficha fedha zake. Ukarimu ni wajibu, lakini baba hagawi chakula cha watoto wake mpaka wakalala njaa. Basi na wajibu wa kutengeneza una mpaka wake? Kiko kitu ambacho fundi hodari, mwenye mikono miwili na nafasi ya kutosha, anapaswa kukikataa, hata kama dawa yake anaijua?

Swali hili nililetewa miaka michache iliyopita na mtu mwenye haki ya kuuliza. Ni fundi wa mashine za boti, mtoto wa rafiki yangu marehemu, na wavuvi wa pwani hii humleta kutoka vijiji vya mbali kwa sababu akisikiliza mlio wa mashine hutaja ugonjwa wake kabla hajashika bisibisi. Alikuja jioni, akaniamkia, akakaa kimya kidogo. Kisha akanieleza kwamba katika kuligawa sanduku la babu yake, aliyewahi kuwa msimamizi katika shamba moja la mkonge, walikuta bastola ya kizamani imeviringishwa kitambaa chenye mafuta. Karatasi ya leseni haikuonekana. Bastola yenyewe ilikuwa mbovu. Silinda ilikwama kila ilipozungushwa, nyundo ilirudi kivivu, na hewa ya chumvi ilikuwa imekwisha kuila sehemu kubwa ya chuma.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi sina ugomvi na mtu. Nataka kuifungua tu nijue tatizo liko wapi. Mashine ni mashine."

Silaha sikuiona, wala sikuomba kuletewa. Lakini maneno yale matatu, mashine ni mashine, yalinikaa moyoni, kwa kuwa yalifanana na yale niliyokuwa nikiwafundisha vijana kwa miaka mingi. Ikiwa ni kweli kwamba mashine zote ni sawa mbele ya fundi, basi yule kijana alikuwa na haki ya kuketi barazani kwake na kopo la mafuta ya taa akafanya kazi. Nikamwomba anipe siku mbili nifikiri, naye kwa adabu yake akakubali.

Nilianza na mashine yenyewe. Bastola ya silinda ni chombo cha akili nyingi. Mmarekani Samuel Colt alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake nchini mwake mwaka 1836, na kiini cha uvumbuzi huo hakijabadilika sana tangu hapo. Silinda ina matundu, aghalabu sita, na kila tundu hubeba risasi moja. Nyundo inapovutwa nyuma, kidole kidogo cha chuma kilichofichwa ndani huisukuma silinda izunguke tundu moja mbele, na kizuizi kingine huinuka na kuishika mahali pake, ili tundu lilingane sawasawa na kasiba. Ndipo nyundo huangukia kitako cha risasi, fataki ikawaka, baruti ikalipuka. Kazi yote hiyo hutegemea vyuma vidogo vilivyopatana kwa unene wa unywele.

Upatano huo ukiharibika, madhara yake hayafanani na ya mashine nyingine. Kidole kikilika, au kizuizi kikilegea, tundu haliji sawa na kasiba. Risasi hukwaruza ukingo wa chuma, na vipande vyake hurukia pembeni, kwa mpigaji mwenyewe na kwa aliyesimama karibu naye. Springi ikichoka, nyundo hupiga kidogo na risasi haiwaki. Na risasi isiyowaka si lazima iwe imekufa. Iko inayochelewa, ikakaa kimya kwa muda kisha ikalipuka, na ndiyo maana waliofundishwa silaha huendelea kuielekeza mahali pasipo na mtu na kungoja kabla ya kuifungua. Tena kosa laweza lisiwe katika bastola kabisa, likawa katika risasi iliyokaa miaka hamsini katika unyevu wa pwani. Fundi wa nyumbani, asiye na vipimo wala risasi za kuaminika, hawezi kuyatenga magonjwa hayo mawili isipokuwa kwa kufyatua.

Hapo nikaona tofauti ya kwanza. Kila kazi ya ufundi hukamilika kwa kujaribu. Pampu ya maji hujaribiwa kwa kuvuta maji, redio kwa kusikia sauti, cherehani kwa kushona kipande cha kitambaa kikuukuu. Jaribio la vyombo hivyo ni dogo kuliko kazi yake na halimdhuru mtu. Bastola haina jaribio dogo. Kuijaribu ni kupiga, na kupiga ndiyo kazi yake yote. Kwa hiyo yule anayesema, "Nitaitengeneza nione tu kama inafanya kazi," hajui kwamba amekwisha kusema atapiga. Na akiogopa kupiga, akaiacha baada ya kuifunga, atakuwa amezaa kitu kibaya kuliko alichokikuta, yaani silaha isiyojulikana kama ni nzima au ni mbovu. Ile ya kwanza angalau wote waliijua kuwa haifanyi kazi.

Siku ya pili mawazo yangu yalikwenda pwani, kwa maana huku kwetu historia iko karibu. Kaskazini ya Moa, kuelekea mpaka wa Kenya, iko Jasini. Hapo tarehe 18 na 19 Januari 1915 Wajerumani na Waingereza walipigana vita vikali. Jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alishinda. Lakini katika kumbukumbu zake aliandika kwamba ushindi ule ulimgharimu risasi 200,000, na kwamba akiba yake isingemtosha kupigana vita vingi vya namna ile. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Mtu angeweza kudhani kwamba vita katika nchi hii vingekwisha kwa kukosa risasi.

Havikwisha. Tarehe 14 Aprili mwaka uleule, meli iliyotoka Ujerumani, ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, huku jina lake la kweli likiwa Rubens, iliingia katika ghuba ya Manza, kusini ya Moa kabla hujafika Tanga. Manowari Hyacinth ya Waingereza iliifuata na kuipiga. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizamisha katika maji ya kina kifupi, na moto ukawaka juu yake. Waingereza wakaondoka wakiamini kwamba shehena imekwisha kuteketea. Chini ya yale maji kulikuwa na bunduki na mamilioni ya risasi.

Watu wakaingia baharini wakazitoa. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na nyingi hazikuwaka. Wakaanza kazi ambayo mimi, kama mwalimu wa kazi za mikono, siwezi kuisoma bila kustaajabu: risasi zilifunguliwa moja moja, baruti ikamwagwa, ikakaushwa na kusafishwa, fataki zilizoharibika zikabadilishwa, kisha ganda likafungwa tena. Baadhi ziliendelea kugoma, lakini nyingi zilipona. Kwa subira ya ufundi, na kwa kushinda umaskini wa vifaa, sijui kama nchi yetu imepata kuona kazi kubwa kuliko hiyo.

Lakini zilipopona zilifanya nini? Vita viliendelea mpaka tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Katika miaka ile makumi elfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, magonjwa na mizigo. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam limetokana na kikosi hicho cha wabebaji wa Waingereza. Ugogo ilikumbwa na njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya, baada ya majeshi kuchukua mifugo, nafaka na watu. Sisemi kwamba risasi za Manza peke yake ndizo zilizoleta hayo yote. Hesabu hiyo hakuna awezaye kuifanya. Nasema tu kwamba aliyeketi kivulini akikausha baruti hakuona mpagazi. Aliona unyevu, na unyevu ni tatizo, na tatizo huondolewa. Labda naye alisema moyoni mwake kwamba risasi ni risasi.

Huo ndio mtego wa ufundi, na waalimu tunaujua kwa sababu ni mtego wa elimu pia. Kosa dogo lililo mbele ya macho hushika akili yote, na furaha ya kulipata ni kubwa kiasi kwamba mtu husahau kuuliza kitu hicho kikipona kitakwenda wapi.

Nilijua kwamba msomaji makini atanipinga hapa, maana nilijipinga mwenyewe. Atasema: Je, daktari haponyi hata mwizi? Je, mhunzi alaumiwe kwa kila panga lililomkata mtu? Hoja zote mbili ni nzito, na kila moja yastahili jibu lake.

Daktari humponya mwizi, naye hufanya vema. Lakini mwizi ni mtu. Akiinuka kitandani, yeye mwenyewe ndiye atakayeamua atakwenda sokoni au atakwenda kuvunja nyumba, na dhamana ya uamuzi huo ni yake. Chombo hakiinuki kitandani kikaamua. Daktari akimponya mtu amemrudishia hiari yake. Fundi akiiponya silaha ameiweka mikononi mwa yeyote atakayeishika, awe yeye, awe mtoto wake, awe mpwa mwenye hasira, awe mwizi atakayeingia usiku. Kwa kuwa chombo hakina hiari, swali la matumizi yake humrudia yule aliyekipa uwezo.

Ama panga, hilo lina kazi mia kabla ya kumkata mtu. Huangua nazi, hufyeka shamba, huchonga mpini. Anayelinoa panga ana haki ya kudhani kwamba linakwenda shambani. Bastola haifyeki wala haichongi. Ni fupi ili ifichike, na imeundwa kwa ajili ya kumpiga mtu aliye karibu. Bunduki ya askari wa wanyamapori ina tembo wanaovamia mashamba na majangili wa kukabiliana nao. Nayo lazima iwe nzima, kwa maana askari mwenye bunduki mbovu ni hatari kwake na kwa wenzake. Kwa hiyo sisemi kwamba ufundi wa silaha ni haramu. Wako mafundi wa silaha wenye leseni, na sheria ya nchi, ile ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inawatambua. Kazi yao huandikwa katika daftari. Silaha inayoingia ina namba na mwenyewe, na hujaribiwa mahali palipotengwa. Yupo wa kuwauliza, nao wanajua kwamba wataulizwa.

Kumbe neno zito katika swali la kijana wangu halikuwa "kutengeneza". Lilikuwa "nyumbani". Nyumbani hakuna daftari. Nyumbani kuna watoto wanaochungulia dirishani, na mtoto huiga kile mzazi anachokifanya kwa makini kuliko anachokisema kwa ukali. Nyumbani hakuna jicho la pili. Mtu peke yake na siri yake hujipa ruhusa moja baada ya nyingine: leo kuifungua tu, kesho kuipaka mafuta tu, keshokutwa kutafuta risasi moja tu ya kujaribia. Hakuna hata hatua moja inayoonekana kubwa. Mwisho wake ni silaha nzima isiyojulikana na mtu yeyote, ndani ya nyumba ya mtu mwema.

Yule fundi aliporudi nilimweleza hayo, naye hakunyamaza, wala sikutaka anyamaze. Aliniuliza, "Na wezi je, Mwalimu? Mashine za boti zinaibwa." Swali la haki. Nikamjibu kwamba mashine ya boti ni mali, nayo hununuliwa tena kwa jasho, lakini roho hainunuliwi, iwe ya mwizi au ya mwanawe atakayetoka gizani kwenda msalani akadhaniwa kuwa mwizi. Nikamwambia pia kwamba silaha iliyofichwa huwa sababu ya mwizi kuja na silaha.

"Basi niirudishe sandukuni ilivyo," akasema. "Mbovu haiui."

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mimi mwenyewe nilipoanza kufikiri nilikuwa naelekea huko. Nikamwuliza: mtu akielekezewa bastola kifuani atajuaje kwamba nyundo yake ni kivivu? Aliyeshikiwa bastola mbovu hutetemeka sawasawa na aliyeshikiwa nzima, na hutoa fedha zake sawasawa. Tena silaha iliyoachwa sandukuni huurithisha mtihani huu kwa mjukuu, ambaye huenda akawa na mikono hodari kama ya babu yake na subira ndogo kuliko yeye. Kuiacha mbovu si kuamua. Ni kumwachia mwingine aamue. Basi bastola ile haikupaswa kutengenezwa nyumbani, wala haikupaswa kubaki mbovu nyumbani. Ilipaswa kutoka nyumbani.

Lilibaki la babu yake, nalo lilimuuma kuliko yote. Kumpa mgeni kitu alichokitunza marehemu kwa mafuta na kitambaa kilionekana kwake kama usaliti. Nikamwambia, "Mwanangu, leseni ya silaha si mnazi. Hairithiwi. Babu yako aliaminiwa yeye, kwa kazi yake na kwa wakati wake, na amana ikiisha muda wake hurudishwa. Ukitaka kumkumbuka, chukua hilo sanduku. Limetengenezwa kwa mbao nzuri."

Mara kwa mara, kama ilivyokuwa mwaka 2023, serikali hutangaza muda wa kusalimisha kwa hiari silaha zisizo na kibali, bila aliyezileta kushtakiwa. Lakini hata nje ya muda huo, njia ya uaminifu ni fupi kuliko ya kuficha. Hakuifunga kikapuni akapanda nayo basi. Alimwendea kwanza kiongozi wa kijiji, na kwa mkono wa huyo polisi wakaarifiwa, wakaja wenyewe kuichukua. Watu wa nyumba waliulizwa maswali, wakajibu, yakaisha. Sanduku analo mpaka leo. Anawekea spana zake.

Msomaji wangu, huenda nyumbani kwako hakuna bastola, na nakuombea isiwepo. Lakini vibovu vinavyoomba fundi si vya chuma tu. Iko kesi ya ardhi ya zamani iliyokwisha kufa, ambayo mwanasheria mwerevu anaweza kuifufua na ndugu wakachukiana upya. Uko uvumi uliokosa miguu, ambao msemaji hodari anaweza kuupa miguu. Ziko siasa za kubaguana ambazo wazee wetu waliziacha zipate kutu kwa makusudi. Kila kizazi huja na mikono mipya na hamu ya kuona kama mtambo wa zamani bado unafanya kazi, na kila mmoja husema kwamba yeye anataka tu kujua tatizo liko wapi.

Kwa hiyo fundisho langu la zamani silifuti, ila nimeliongezea swali moja, na laiti ningekuwa bado na darasa ningeliandika ubaoni. Kabla hujauliza kitu kina ubovu gani, uliza kikipona kitafanya nini, mikononi mwa nani, na nani atakuwa anaangalia. Ukipata majibu matatu yasiyokutia aibu, chukua bisibisi yako. Usipoyapata, acha kitu hicho, na usikiache mahali ambapo mwingine atakikuta.